Kijiko cha Mkubwa

Seoul, 4 Septemba 2016

Shangazi Mal-sun,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umesimama nyuma ya kiti cha saluni, umekunja mikono ya blauzi, unabishana na mteja kuhusu nywele zake mwenyewe. Mimi ni mzima. Miguu inauma, lakini ni maumivu ya mtu anayejua anakoelekea. Baba hajambo? Mwambie kabichi zake naziota.

Usishangae kupata barua. Kampuni imechukua simu zetu, na tumeambiwa tutarudishiwa tukishapata jina. Basi nimerudi enzi za kalamu. Tena ujue kila barua inasomwa kwanza na meneja wetu, Bwana Tak, kwa hiyo usiniandikie habari za tumbo lako.

Sasa sikiliza. Mwezi huu tunatoka jukwaani! Kikundi chetu cha muziki kinaitwa Saebyeok, yaani Alfajiri, na alfajiri yenyewe haitatushinda kung'aa. Tuko wanne. Seyun anaimba hadi vioo vinatetemeka. Irin anacheza kama hana mifupa. Kiongozi wetu ni Dohui, msichana wa Daegu, mkali kuliko pilipili, anayenifunika blanketi kila asubuhi akidhani nimelala.

Kuna jambo moja. Kampuni ilitaka mtoto wa kikundi, kitinda mimba wa kubembelezwa na mashabiki, na wakaona uso wangu unafaa. Wamenipunguzia miaka mitatu. Mimi niliyezaliwa 1998, mwaka wa Chui Milia, sasa ni wa 2001, mwaka wa Nyoka. Kati yetu wanne mimi ndiye mkubwa, Shangazi, lakini mezani ndimi ninayepanga vijiko na kumimina maji, na sigusi chakula mpaka Dohui, anayehesabiwa mkubwa, ainue kijiko chake. Namwita Dada. Nimemzidi mwaka mzima! Wenzangu hawajui, anajua Bwana Tak na wakubwa wa kampuni tu. Shule yetu ilishafungwa na darasani nilikuwa peke yangu, kwa hiyo hakuna wa kunisema isipokuwa wewe. Nakuomba, mdomo wako huo tuufunge kidogo.

Binti yako,
Narae


Haenam, 2 Oktoba 2016

Narae mwanangu,

Marahaba. Huku ni wazima wote. Baba yako amepanda kabichi, anaziangalia kuliko alivyowahi kukuangalia wewe. Mlipoonyeshwa kwenye televisheni alisema ana kazi shambani, kisha akaja kusimama nje ya dirisha la saluni yangu hadi wimbo ukaisha. Nilimwona. Alikuwa ameshika jembe kinyume.

Wateja wangu nao walikuwepo, vikongwe watano wenye rola kichwani. Mama wa duka la mbegu akasema, "Huyo wa pembeni si binti wa kaka yako? Mbona wamemvalisha kama mtoto wa chekechea?" Nikamwambia, tulia, dawa itakuingia machoni.

Mwanangu, nilikubeba mgongoni tangu mama yako alipofariki, na nilihesabu kila jino lako. Leo naambiwa nisahau miaka mitatu! Sawa, nitafunga mdomo. Lakini wahenga walisema njia ya mwongo fupi, na mwongo huyu si wewe, ni hao waliokutuma. Kampuni sina haja nayo. Namfikiria huyo Dohui. Mtu anayekufunika blanketi ungemwambia mwenyewe, mapema, kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Na wewe Bwana Tak, najua unasoma. Nimekuona kwenye televisheni ukipita nyuma yao. Hiyo nywele unayoivutia mbele kuficha upara haimdanganyi mtu. Njoo Haenam nikunyoe.

Shangazi yako


Seoul, 19 Novemba 2017

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole na mgongo. Baba ameniandikia mistari miwili, wa kwanza kuhusu mgongo wako na wa pili kuhusu kabichi. Seyun alipata mafua, amepona. Bwana Tak amenyoa kipara kabisa! Hakusema kwa nini, na sisi hatukuuliza, tulicheka tu chooni.

Umeona? Tumeshika nafasi ya kwanza! Mtangazaji alipotaja Saebyeok sikuelewa, nikawapigia makofi wengine. Dohui ndiye aliyenivuta mkono kwenda mbele. Ukumbi mzima uliwaka taa za rangi ya machungwa, ya persimoni lililoiva, ndiyo rangi yetu, na watu waliita majina yetu kwa zamu, la Dohui kwanza, langu mwisho. Nilimshukuru Baba na saluni ya Haenam. Kisha nililia vibaya, na kamera ikanikaribia puani. Sijali. Tulifanya kazi ile, na tulistahili.

Sasa tunaamka kabla ya jogoo na ratiba zimejaa. Wiki iliyopita mwalimu wa kucheza alinifokea, Dohui akasimama mbele yangu na kusema, "Mfokee kiongozi. Huyu ni mtoto." Mtoto! Kwa hesabu yetu nina miaka ishirini, Shangazi, naye kumi na tisa. Nilijiona mwizi.

Najua utauliza. Sijamwambia. Kila nikifungua mdomo anaweka kipande cha nyama kwenye wali wangu na kusema, "Kula, ukue." Nitaanzia wapi? Akijua kwamba mwaka mzima ameinamiwa na mkubwa wake, tena akamtuma kumletea soksi, ataona nilikuwa namchezea. Yeye ni mtu wa heshima kweli kweli. Nikimpoteza huyu, hizo taa za persimoni nitazifanyia nini?

Narae


Haenam, 26 Februari 2018

Narae,

Mgongo umepona, au umekata tamaa, sijui. Mwaka mpya tumeula vizuri. Baba yako alikula mabakuli mawili ya supu ya vipande vya keki za wali, nikamwambia kila bakuli ni mwaka, usizeeke haraka. Lako tuliliweka mezani. Likapoa, nikalinywa mimi. Kwa hiyo umri wako mwingine umeingia tumboni mwangu, mwambie Bwana Tak ahesabu upya.

Habari kubwa ni kwamba watu wa televisheni wamenipigia simu. Wanataka mje wote wanne, mlale huku, mng'oe vitunguu, na mje saluni kwangu mbele ya kamera. Nimekubali kabla hawajamaliza sentensi. Nimepaka ukuta rangi. Mama wa duka la mbegu ameshanunua viatu.

Usiogope mdomo wangu. Najua nini kipo hatarini. Nitasema hali ya hewa, bei ya mbolea, na uzuri wako. Basi.

Huyo Dohui nitamtengenezea uduvi wa chumvi. Je, anakula uduvi? Mtu wa Daegu, mbali na bahari, huwezi kujua.

Shangazi


Seoul, 10 Juni 2018

Shangazi,

Shikamoo, na asante. Kipindi kimeonyeshwa jana, nchi nzima imekupenda. Watu wanaandika wakiuliza saluni iko wapi. Irin anasema akiolewa atakuja kutengenezwa nywele kwako. Baba ameonekana mara moja tu, akikimbia.

Lakini sehemu moja imekatwa. Pale nilipokuona dirishani ukiwaeleza wale vikongwe habari zangu, mimi, Seyun na Irin tukiwa nje na Baba, haipo. Bwana Tak naye tangu turudi anatembea kama mtu aliyemeza mfupa. Kulitokea nini?

Nakuuliza kwa sababu ya Dohui. Hajabadilika. Bado ananiita mdogo wangu, bado ananifokea nikisahau kofia. Lakini mezani kuna jambo. Mimi napanga vijiko kama siku zote, nakaa, namngoja aanze. Naye haanzi. Anarekebisha bakuli, anatafuta kitambaa, anauliza kama mvua itanyesha. Supu inapoa. Nikichoka nikainua kijiko changu, hapohapo naye anainua chake. Juzi tulipopewa kinywaji cha kupongezwa, alinimiminia kwa mikono miwili, kisha akageuza uso pembeni ndipo akanywa. Hivyo ndivyo mtu anavyokunywa mbele ya mkubwa wake! Nilimuuliza, "Dada, shingo inauma?" Akasema, "Kidogo."

Ulimwambia nini, Shangazi?

Narae


Haenam, 30 Agosti 2018

Mwanangu,

Usinilaumu kwa kuchelewa. Kwanza kulikuwa na joto la kuua kuku. Kisha kimbunga kikapita na kung'oa bango la saluni, tukalikuta kwenye bwawa la jirani. Kisha ilikuwa kumbukumbu ya mama yako. Baba yako alipika samaki mwenyewe, akamuunguza, tukamtolea hivyohivyo. Mama yako alikuwa na subira.

Uduvi Dohui aliupenda. Aliomba wa kubeba.

Haya. Mama wa duka la mbegu alikuona ukibeba gunia la vitunguu peke yako. Akasema, "Hako katoto kana nguvu za ng'ombe!" Nami nilikuwa nimefurahi, mwanangu, saluni imejaa, taa zinawaka, nakuona umekuwa mtu. Nikasema, "Utarajie nini? Mtoto wa mwaka wa Chui Milia huyo!" Yametoka yenyewe, mdomoni hadi kwenye kipaza sauti. Bwana Tak akaziba kamera kwa kofia yake. Baadaye alinipigia magoti nyuma ya saluni, na mimi nilimpigia yeye, tukawa wawili chini kama tunatafuta sindano.

Dohui alikuwa kwenye sinki anaosha vikombe. Bomba lilikuwa wazi, maji yanapiga kelele. Sidhani alisikia. Hakugeuka hata kidogo.

Hayo mambo ya kijiko labda anapunguza kula. Wasichana wa siku hizi. Usiulize sana.

Baba yako anasalimia.

Shangazi


Seoul, 14 Mei 2023

Shangazi wangu,

Shikamoo. Najua simu ninayo siku nyingi, na Jumapili iliyopita tumeongea hadi sikio likapata moto. Lakini haya sikuweza kuyasema kwa mdomo, na wewe kwenye simu unanikatiza. Baba aendelee kutumia dawa ya magoti. Asidanganye kwamba amepona, nimemwona kwenye picha ameegemea kabichi.

Mkataba wetu unakwisha mwaka huu. Miaka saba, Shangazi! Tumejaza viwanja Osaka, Bangkok na Jakarta, na hakuna mtu anayeweza kusema tulipewa. Lakini Seyun anataka kuigiza, Irin kweli anaolewa, na Dohui anataka kufungua shule ya kucheza Daegu. Walisema hayo mezani bila kulia. Nilijivunia.

Wakubwa wa kampuni wakaniita peke yangu. Jina Saebyeok ni mali yao. Wanataka niendelee nalo, waniwekee wasichana watatu wapya, na mimi nikae katikati. Lakini umri ubaki uleule. "Bado una uso wa mtoto," wakasema. Yaani niitwe mtoto tena hadi meno yang'oke.

Na Dohui. Miaka mitano sasa, Shangazi, hajawahi kuinua kijiko kabla yangu. Hotelini, ndani ya gari, kwenye vibanda vya keki za wali. Bado ananiita mdogo wangu, na bado anageuza uso akinywa. Shingo ya mtu haiumi miaka mitano. Alisikia, na wewe unajua alisikia. Mimi nimenyamaza, yeye amenyamaza, na tukiachana hivi tutanyamaza maisha. Hicho ndicho ninachokiogopa. Kampuni siiogopi.

Nifanyeje?

Narae


Haenam, 9 Julai 2023

Narae mwanangu,

Wazima sote. Mvua imetupiga lakini haijatushinda. Nimepata msaidizi saluni, anachoma masikio ya watu, nitamzoea.

Umesikia serikali ilivyofanya? Imefuta hesabu ya zamani ya umri, ile ya mtoto kuzaliwa akiwa na mwaka mmoja tayari. Nchi nzima imepunguziwa mwaka, wengine miwili, kwa sheria! Saluni imekuwa sherehe. Mama wa duka la mbegu, aliyetimiza themanini, ameingia akitangaza ni wa sabini na nane, kwa hiyo nimfanyie nywele za kisichana. Nikamtia rola zilezile. Hata baba yako amesema magoti yamepata nafuu, ameanza kuitii serikali.

Nikacheka hadi nikakaa chini. Kisha nikakukumbuka. Watu wote wa nchi hii wanashangilia kuwa wadogo, na kuna mtoto wangu mmoja tu anayelilia kuwa mkubwa. Nikaona aibu, maana mdomo wangu ulimpa Dohui habari ambayo ilikuwa yako kuitoa.

Ndiyo, alisikia. Nilijua siku ileile. Alipokuja kuniaga aliniinamia sana, akasema, "Shangazi, nitamtunza." Hakusema nitamtunza nani, na alikuwa haniangalii machoni. Sikukuandikia hilo kwa sababu nilitaka uendelee kulala usingizi.

Sasa nisikilize, na hapa hakuna simu ya wewe kunikatiza. Jina waachie. Alfajiri haina mwenyewe, waibe wakitaka. Ulikuwa hodari kabla hawajakupa jina na utakuwa hodari wakilichukua. Lakini kwa Dohui usingoje. Yeye ni mdogo, hawezi kukuanza. Miaka yote hii anakupa nafasi ya mkubwa mezani, kila mlo, na wewe unakaa unamwangalia kama mtoto. Mkubwa ndiye anayeanza. Inua kijiko, Narae.

Shangazi yako mwenye mdomo


Seoul, 27 Novemba 2023

Shangazi Mal-sun,

Shikamoo. Wewe na Baba mmemaliza kutia kabichi chumvi? Nimesikia mmetengeneza kimchi bila mimi. Niwekeeni mtungi mmoja, nakuja kabla ya theluji. Mabegi yangu yameshafungwa.

Nimewakatalia. Niliingia ofisini mwao nikasema, "Jina ni lenu, umri ni wangu." Mmoja akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia nimefikiri miaka saba.

Tamasha la kuaga lilikuwa Jumamosi mchana. Kabla ya kupanda jukwaani nilimvuta Dohui nyuma ya pazia. Alikuwa anafunga kiatu. Nikamwambia, "Mimi ni wa mwaka wa Chui Milia. Nimekuzidi mwaka. Nilipaswa kukwambia siku ya kwanza. Nisamehe."

Akaendelea kufunga kiatu. Akasema, "Bomba nilikuwa nimelifunga."

"Basi mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ungeanza kunitetemekea. Ungeacha kuniita Dada." Akainua uso, amelowa machozi, rangi yote ya macho imeshuka mashavuni. "Nilipenda kuwa dada yako. Nilijua si haki yangu, lakini nilipenda. Kwa hiyo mdomoni nikabaki mkubwa, na mezani nikakupa chako. Nilikuwa nangoja uje kuchukua kilichobaki."

Tulikumbatiana hadi Bwana Tak akaja kupiga kelele kwamba tunaharibu vipodozi. Naye alikuwa analia, upara wote unang'aa.

Kabla ya wimbo wa mwisho nilishika kipaza sauti nikawaambia mashabiki mwaka wangu. Nilisema si wao waliokosea hesabu. Kisha mtu mmoja huko juu, mwanamume mwenye sauti nzito, akapaza, "Dada Narae!" Watu wakacheka, wakaanza kuita. Si wote. Wapo waliozima taa zao wakaondoka, na leo wapo wanaoandika maneno makali. Wana haki ya kukasirika. Lakini waliobaki waliita majina yetu, na kwa mara ya kwanza walianza na langu. Tuliimba kama watu wasio na kesho ya kuogopa. Tukainama, wanne, tumeshikana mikono. Saebyeok ikaisha hapo, na iliisha imesimama wima.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kwa yule mama wa supu ya chipukizi za soya, karibu na ukumbi wetu wa mazoezi, tulipokula tangu hatujajulikana. Tulikuwa sisi wanne na Bwana Tak. Mama akaleta vyungu vinachemka. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kisanduku cha vijiko, kama ulivyokwenda miaka yote hii.

Dohui akaupiga kofi. "Keti," akasema.

Akapanga vijiko yeye. Changu kwanza. Akanimiminia maji kwa mikono miwili. Seyun na Irin wakaweka mikono mapajani, Bwana Tak vilevile, wote wananitazama. Mvuke unapanda. Nami nikakaa tu, Shangazi, naangalia kijiko kana kwamba sijawahi kukiona.

Dohui akasogeza bakuli langu karibu.

"Dada," akasema, "inua basi. Tunakufa njaa."

Nikainua.

Narae, wa mwaka wa Chui Milia